Mwigizaji na Mhusika: Suala la Mafunzo ya Uigizaji kwa Vijana wa Tarime na Serengeti

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu mafunzo ya uigizaji nchini Tanzania umezoea kuanzia Dar es Salaam au Bagamoyo, na aghalabu huishia huko huko. Sababu yake si ngumu kueleweka. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa kikifundisha sanaa za maonyesho tangu miaka ya 1960. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianzishwa mwaka 1981, na mwaka 2007 kikageuzwa kuwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa). Vikundi vilivyolisha televisheni, na baadaye soko la filamu za video, navyo vilikuwa na makao yao Dar es Salaam. Kimojawapo ni Kaole, kilichomlea marehemu Steven Kanumba (1984–2012). Kijana wa Tarime au wa Mugumu ayatakaye mafunzo ya aina hiyo hana budi kusafiri zaidi ya kilomita 1,000, tena kwa kawaida baada ya kumaliza kidato cha nne, yaani wakati ambapo mazoea yake ya sauti na ya mwili yamekwisha kujengeka.

Hata hivyo, makala haya hayashughulikii zaidi umbali huo wa barabara. Yanashughulikia umbali wa aina nyingine, ule unaopaswa kuwapo kati ya mwigizaji na mhusika anayemwigiza. Hoja inayotetewa ni kwamba katika wilaya za Tarime na Serengeti, ambako vijana wa umri wa kati ya miaka 13 na 18 huombwa kuigiza mambo yanayofanana mno na maisha yao wenyewe, mafunzo ya kitaalamu hayawezi kuhesabiwa kuwa anasa ya mijini. Ni kinga. Kijana asiyefundishwa kujitenga na mhusika wake haigizi. Anatoa ushahidi, na anautoa mbele ya watu wanaomfahamu yeye, wazazi wake na ukoo wake.

Mjadala utajikita zaidi kwa Wakurya, ambao ndio wengi Tarime na ambao pia wanaishi Serengeti pamoja na Waikoma, Wanata, Waisenye na Wangoreme. Upande wa Rorya, ambao ulitengwa na Tarime kuwa wilaya ya peke yake mwaka 2007 na ambao wakazi wake wengi ni Wajaluo, utaguswa mara moja tu, kwa sababu itakayodhihirika hapo baadaye.

2.0 Uso usiotikisika

Mwalimu wa uigizaji anapoingia darasani Nyamwaga au Mugumu, hakuti mwili mtupu unaosubiri kufundishwa. Anakuta mwili uliokwisha kufundishwa, au unaojua kwamba utafundishwa, na mtihani wake unajulikana na kila mtu. Katika tohara ya Wakurya, ambayo wakati wake huamuliwa na wazee wa mila, wanaojulikana kama inchama, na ambayo kwa kawaida huangukia miezi ya Novemba na Desemba shule zinapofungwa, kijana husimama mbele ya umati na kutazamwa usoni. Kope zisicheze. Midomo isikaze. Akilia au akijikunja, aibu si yake peke yake bali ni ya nyumba nzima. Akivuka salama, husindikizwa barabarani kwa nyimbo, ngoma na zawadi, naye huwa ameingia katika esaro yake, yaani rika la waliotahiriwa pamoja, atakalohesabiwa nalo maisha yake yote.

Je, tukio hili ni sanaa ya maonyesho? Swali hili si geni katika taaluma. Penina Muhando na Ndyanao Balisidya, katika Fasihi na Sanaa za Maonyesho (1976), walipendekeza vigezo vinne vya kuitambua sanaa hiyo: dhana inayotendeka, mtendaji, uwanja wa kutendea, na watazamaji. Pendekezo lao lilikuwa la ukombozi. Liliondoa dhana ya kikoloni kwamba pasipo ukumbi, pazia na maandishi hapana maonyesho, na likazirejeshea hadhi ngoma, jando na masimulizi. Kwa vigezo hivyo, tohara ya Wakurya inahesabika bila shaka. Dhana ipo, nayo ni kuvuka kutoka utoto kwenda utu uzima. Mtendaji yupo, uwanja upo, na watazamaji ni wengi kuliko wanaopatikana katika kumbi nyingi za mjini.

Ugumu unajitokeza pale vigezo hivyo vinapochukuliwa kuwa msingi wa kufundishia. Miongoni mwa vinne hivyo, mhusika hayumo. Kwa nadharia ya jumla ya sanaa za maonyesho za Kiafrika, hilo si upungufu, kwani mcheza ngoma hana lazima ya kuwa mtu mwingine. Kwa mafunzo ya vijana, lakini, ni upungufu mkubwa. Kijana aliye mbele ya ngariba hawezi kusema, “Basi, tuanze upya.” Damu ni damu. Mwigizaji wa jukwaani ana uwezo huo hasa: anaweza kuacha. Akianguka, anainuka, akifa, anarudi kuinama mbele ya watazamaji. Uwezo wa kuacha ndio unaoitofautisha kazi yake na jaribio la mila, na ndio unaopasa kufundishwa kwanza, kabla ya sauti na kabla ya mwendo.

Ikumbukwe pia kwamba kile kilichofunzwa na mila si bure. Kijana aliyelelewa akijua kwamba uso wake utasomwa na umati ana utambuzi wa hadhira ambao wanafunzi wengi wa mijini huupata baada ya miaka miwili ya mazoezi. Anajua uzito wa kutotikisika. Mwalimu mgeni anayemwona kijana huyo na kusema kuwa “hana hisia” amekosea kusoma. Hisia zipo, kilichopo juu yake ni heshima. Zoezi la kumtaka alie mbele ya wenzake katika juma la kwanza, ambalo baadhi ya walimu hulipenda kwa sababu matokeo yake huonekana upesi, huwa linamtaka avunje katika dakika tano kile ambacho jamii yake imekijenga kwa miaka. Mara nyingi atakataa kwa kucheka. Yafaa kicheko hicho kiheshimiwe.

3.0 Mtoto kama ujumbe

Tanzania ina historia ndefu na ya kujivunia ya sanaa za maonyesho kwa jamii. Mradi wa Malya, wilayani Kwimba, uliofanywa mwanzoni mwa miaka ya 1980 na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakiwemo Penina Muhando Mlama na Amandina Lihamba, uliwakuta wanakijiji wakijadili kwa ngoma na maigizo matatizo waliyoyataja wenyewe, mimba za wasichana zikiwa miongoni mwake. Mwaka 1996 ukaanza mpango wa Tuseme, ambao ulichukua mbinu hizo na kuzipeleka kwa wasichana wa shule za sekondari. Jina lenyewe linaeleza. Wasichana ndio waliochunguza, waliochambua na walioigiza. Mtu mzima alikuwa mwezeshaji. Baadaye mpango huo ulivuka mipaka ya Tanzania kupitia FAWE, jumuiya ya Kiafrika ya wanawake waelimishaji.

Michezo mingi ya kampeni inayoonekana leo katika mikutano ya hadhara ni ndugu wa mbali wa kazi hizo. Muundo wake unajulikana kabla haujaanza: baba anayetaka ng’ombe wa mahari, mama anayesita, ngariba, msichana anayetoroka usiku, polisi, na hotuba. Ujumbe umeletwa tayari. Kijana anaupokea na kuubeba. Hakuna anayeweza kuudharau ujumbe wenyewe. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliufanya ukeketaji wa msichana aliye chini ya miaka 18 kuwa jinai. Pamoja na hayo, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015–16 ulikuta kwamba mkoani Mara asilimia 32 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa, dhidi ya asilimia 10 kwa nchi nzima. Wasichana wanaokimbilia Nyumba Salama ya Mugumu au kituo cha Masanga, Tarime, hawakimbii hadithi.

Na hapo ndipo penye suala. Tuchukue mfano wa kubuni. Msichana wa miaka 14 amekaa kituoni kwa majuma matatu. Kambi inakaribia kufungwa na wageni wanatarajiwa. Unaandaliwa mchezo, na mwalimu anauliza nani atakuwa msichana anayetoroka. Kwa nia njema kabisa anachaguliwa huyu, “kwa sababu anaijua hali yenyewe.” Siku ya maonyesho anaigiza kwa nguvu ambayo haikutarajiwa, watu wanalia, anapigiwa makofi. Mtazamaji anaweza kuapa kwamba ameona kipaji.

Alichokiona si kipaji, au kama kipo, hakikuonekana siku hiyo. Msichana huyo hakujenga chochote. Hakuwa na mtu wa kumvaa wala wa kumvua. Makofi yalipigwa kwa jeraha, naye akafundishwa somo moja ambalo halitamsaidia jukwaani wala nje yake: kwamba thamani yake mbele ya watu ni kile alichotendewa. Zaidi ya hayo, miongoni mwa watazamaji wanaweza kuwamo wajomba, majirani, hata yule aliyemtafuta usiku ule. Kauli iliyotolewa jukwaani kama “mchezo” hupokewa nao kama tuhuma. Siku kadha baadaye, familia na kituo wanapokutana kwa mazungumzo ya upatanisho, atajikuta anajibu kwa maneno ya mhusika.

Mwigizaji mtu mzima wa Dar es Salaam ana hiari ya kutumia maisha yake jukwaani, na wapo waliofanya hivyo kwa ufanisi mkubwa. Hiari hiyo ina sharti lake: mtu awe na njia ya kurudi. Kwa kijana wa miaka 14 asiyejua atalala wapi mwezi ujao, sharti hilo halijatimia.

4.0 Kumbukumbu au kubuni

Ni jambo la kuvutia kwamba ubishi huu uliwahi kutokea kwingineko, kwa sababu nyingine, miongoni mwa watu waliohesabiwa kuwa vinara wa mafunzo ya uigizaji duniani. Konstantin Stanislavski wa Moscow, katika hatua ya awali ya kazi yake, alimtaka mwigizaji achimbe kumbukumbu ya hisia zake mwenyewe: kama mhusika amefiwa, mwigizaji akumbuke msiba wake. Mbinu hiyo ilipofika Marekani ilikuzwa hasa na Lee Strasberg. Mwaka 1934 mwigizaji Stella Adler alikutana na Stanislavski mwenyewe mjini Paris na kufanya naye kazi kwa majuma kadha. Alirudi New York na taarifa iliyowagawa wenzake: mzee huyo alikuwa amekwisha kuhamishia uzito kwenye matendo ya mwili na kwenye mazingira ya mhusika kama yalivyobuniwa na mwandishi. Kwa Adler, tangu hapo, chemchemi ya mwigizaji ilikuwa kubuni, si kidonda.

Kwa Tarime na Serengeti, uchaguzi kati ya njia hizi mbili hauwezi kuachwa kwa ladha ya mwalimu. Kumbukumbu ya hisia yafaa iondolewe kabisa katika mafunzo ya vijana wa huko. Mwalimu asiulize, “Ulijisikiaje siku ile?” Aulize, “Mtu huyu anataka nini, na anafanya nini ili akipate?” Swali la kwanza linamwelekea kijana, la pili linamwelekea mhusika. Tofauti hiyo ndogo ya kisarufi ndiyo mpaka wenyewe.

Huenda ikadaiwa kwamba mpaka huo ni wa kigeni, na kwamba msanii wa Kiafrika hajitengi na anachokitenda. Dai hili limerudiwa mno bila kupimwa. Wakurya wenyewe wana iritungu, ala kubwa ya nyuzi nane, na mpigaji wake hukaa chini akaimba na kusimulia: vita, mifugo, sifa za mtu, kejeli kwa mtu. Kama wasimulizi wengi wa Afrika Mashariki, wakiwemo wale wa nanga za Wahaya waliochunguzwa kwa kina na Mugyabuso Mulokozi, msanii wa namna hii ana uwezo wa kusema kwa kinywa cha shujaa na papo hapo kurejea katika nafsi yake kumtania aliyekaa mbele. Hakuna anayemdhania kuwa yeye ndiye aliyeiba ng’ombe wa kwenye wimbo. Bertolt Brecht alilitafuta jambo hilo kwa nadharia nzito huko Ujerumani. Mpigaji wa iritungu analifanya ameshika ala mkononi. Mafunzo ya vijana wa Tarime yakianzia kwake, dhana ya kujitenga na mhusika haitahitaji kuagizwa kutoka popote.

Kwa vitendo, somo la kwanza linaweza kuwa hili. Kijana anapewa tukio dogo lisilomhusu: mzee amepoteza ufunguo wa duka. Anasimulia akiwa amekaa, kwa nafsi ya tatu. Kisha anasimama na kuufanya mwendo wa mzee huyo, bila maneno, akitafuta ufunguo mahali patatu tofauti. Kisha anazungumza kama mzee, kwa sentensi mbili tu. Kisha anakaa tena na kumalizia kwa nafsi ya tatu, akieleza mzee alifanya nini baadaye. Mwisho anataja jina lake mwenyewe kwa sauti, na jina la aliyekaa kulia kwake. Hatua hii ya mwisho inaonekana ya kitoto, na vijana wa miaka 17 huweza kuibeza. Isiachwe. Ndiyo mlango wa kutokea, na mtu aliyezoea kuufungua katika tukio la ufunguo atajua ulipo atakapofika kwenye tukio la msiba.

Uteuzi wa matini nao unahitaji busara ya aina hiyo hiyo. Tamthiliya za Kiswahili husomwa katika shule za sekondari, lakini aghalabu husomwa kwa ajili ya mtihani: dhamira, wahusika, mandhari, matumizi ya lugha. Mwanafunzi anaweza kumaliza kidato cha nne akiijua Ngoswe ya Edwin Semzaba au Kilio Chetu kwa maswali na majibu, na asiwe hata siku moja amesimama akaitamka. Inasikitisha kidogo kwamba hivyo ndivyo ilivyo katika mkoa aliozaliwa Julius Nyerere, aliyechukua muda, huku akiongoza nchi, kuwafanya Juliasi Kaizari na mabepari wa Venisi waseme Kiswahili.

Kwenye Ukingo wa Thim (1988) ya Ebrahim Hussein inafaa kupewa nafasi ya pekee. Chimbuko lake ni mgogoro wa kweli wa Kenya wa mwaka 1986–1987, kuhusu maziko ya wakili S. M. Otieno, ambapo mjane na ukoo wa Kijaluo walishindania mwili wa marehemu hadi mahakamani. Kwa msichana wa Kikurya, mambo haya yako karibu na yako mbali kwa wakati mmoja. Wajaluo ni majirani zake wa Rorya. Amesikia lugha yao sokoni. Nguvu ya ukoo dhidi ya matakwa ya mwanamke mmoja anaijua. Mila inayobishaniwa, lakini, si ya kwao, na mwili unaobishaniwa si wake. Anaweza kumchunguza mjane huyo kama mtu: anasimamaje wazee wanapoingia, anamtazama nani, ananyamaza wapi. Kila alichonacho kuhusu kushindana na ukoo kitaingia katika kazi hiyo bila yeye kulazimika kukitaja. Vilevile mvulana anayeigiza wazee wa ukoo analazimika kutafuta sababu zao kwa uadilifu, jambo ambalo mchezo wa kampeni, wenye baba katili na ngariba mwenye tamaa, haumtaki alifanye kamwe. Na mvulana huyo, baada ya miaka ishirini, huenda akawa ndiye anayekaa katika vikao vya ukoo.

5.0 Sauti

Suala la sauti huzungumzwa kwa kawaida kama suala la “kurekebisha lafudhi”. Kikurya kina irabu saba, Kiswahili tano. Kikurya ni lugha ya toni. Katika vitenzi vyake, toni ya juu huweza kuanzia kwenye mora ya kwanza, ya pili, ya tatu au ya nne ya shina, kutegemea njeo na hali, mfumo ambao umewashughulisha wanaisimu kwa miaka mingi. Kiswahili sanifu hakina toni ya kileksika. Mkazo wake hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na kiimbo hufanya kazi ya kutenga taarifa na swali. Hatimaye kuna lile linalojulikana na kila mtu, na linalochekwa na wengi: /l/ ya Kiswahili hutamkwa /r/.

Kuna mahali ambapo tofauti hii ina madhara halisi jukwaani. Msichana anayesema “natafuta mahali” na kusikika akisema “natafuta mahari” amegeuza maana ya onyesho zima. Zoezi la jozi za maneno kama kula na kura, mahali na mahari, lifanywe basi, tena kila siku, kwa dakika chache, kama mpiga ngoma anavyokaza ngozi. Lisifanywe kama adhabu, na lisifanywe kwa kuigiza kejeli za mjini.

Kwa upande mwingine, sikio lililolelewa katika lugha ya toni ni mali. Kijana huyo anasikia kupanda na kushuka kwa sauti kwa usahihi ambao mzungumzaji wa Kiswahili pekee huufikia kwa kujifunza. Sentensi fupi kama “Baba amekuja” anaweza kuitamka kwa namna nyingi za kimuziki, na kila moja ikabeba hofu, furaha au dharau tofauti. Mwalimu anayemnyoosha hadi asikike kama mtangazaji wa taarifa ya habari atakuwa amemnyang’anya nusu ya ala yake.

Kuna pia suala la ajira, ambalo taaluma hulikwepa. Katika vichekesho vya redio na vya video nchini, lafudhi ya Kikurya imezoeleka kwa mhusika wa aina moja: mlinzi, askari, mtu mkali mwenye akili fupi. Kijana wa Tarime anayekwenda mjini na lafudhi moja tu atapewa nafasi hiyo, na atapewa hiyo hiyo tena. Akiwa na lafudhi mbili au tatu anazoweza kuzivaa na kuzivua, anaweza kuikataa, au kuikubali kwa bei yake na kuiigiza vizuri kuliko anayebuni. Kanuni ni ile ile ya mhusika: lafudhi iwe kazi, isiwe hatima.

6.0 Mbele ya kamera

Kamera imekwisha kufika Mugumu. Filamu ya hali halisi In the Name of Your Daughter, ya mwaka 2018, iliyoongozwa na Giselle Portenier wa Kanada, ilionyesha wasichana wanaokimbilia Nyumba Salama wakati wa msimu wa ukeketaji. Filamu ya aina hiyo ina kanuni zake, na hapa si mahali pa kuzipima. Inatajwa kwa sababu moja: katika filamu ya hali halisi anayeonekana anabaki kuwa yeye, kwa jina lake na kwa sura yake, na mtazamaji anaambiwa hivyo. Katika filamu ya kubuni anaambiwa kinyume chake. Kijana anayefunzwa uigizaji wa filamu anastahili kuijua tofauti hiyo kabla ya kamera ya kwanza kuwashwa, kwa sababu anaweza kuombwa kuwa upande wowote, na mara nyingine na mtu ambaye mwenyewe hajaamua.

Kuhusu ufundi, filamu ndiko ule uso usiotikisika unakopata malipo yake. Jukwaa la uwanja wa shule linadai ishara pana. Kamera iliyo karibu inadai kidogo mno. Majaribio ya Mrusi Lev Kuleshov, ya mwanzoni mwa karne ya 20, ambapo uso mmoja wa mwigizaji uliunganishwa na picha za sahani ya chakula, maiti na mwanamke, yalionyesha kwamba mtazamaji huijaza hisia mwenyewe palipo na utulivu. Kijana wa Kikurya hahitaji kufundishwa utulivu huo. Anachohitaji ni kujifunza kufikiri ndani yake: kumtazama mwenzake na kuwa na jambo analolitaka, ili macho yawe na kazi huku uso ukiwa umetulia. Zoezi linalofaa ni kumrekodi kwa simu ya kawaida akisikiliza habari, bila kusema neno, kisha darasa liulizwe ni habari gani aliyokuwa akiisikiliza. Wanaofanya makubwa usoni hukosewa mara nyingi kuliko wanaotulia.

7.0 Nani afundishe, na lini

Walimu wapo wachache, na haitoshi kusema waongezwe. Wahitimu wa Bagamoyo na wa Chuo Kikuu wanaorudi Mara kwa kazi nyingine, walimu wa Kiswahili wanaofundisha tamthiliya, na wapigaji wa iritungu wenye umri mkubwa ndio hazina iliyopo. Mwalimu wa Kiswahili ana matini, mhitimu ana mbinu, mzee ana sikio na historia. Kuwaweka watatu hao katika chumba kimoja kwa juma moja ni kazi ya ofisi ya utamaduni ya wilaya, nayo haihitaji jengo jipya. Kwa upande wa sheria, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto na inaweka umri wa chini wa kufanya kazi kuwa miaka 14. Kikundi chochote kinachopokea malipo kwa maonyesho ya vijana hawa kinapaswa kujua kimesimama wapi.

Kalenda ndiyo ngumu zaidi. Wakati pekee ambapo vijana wa shule mbalimbali wanaweza kukusanywa kwa majuma manne hadi sita ni likizo ya mwisho wa mwaka, na huo ndio msimu wenyewe wa tohara, ambapo baadhi yao wako kituoni na wengine wanaandamana barabarani na esaro zao. Mafunzo hayataweza kujifanya hayaoni. Yanaweza, hata hivyo, kuchagua kitakachoonyeshwa. Siku wageni wanapokuja kufunga kambi, si lazima msichana yeyote atoroke jukwaani. Linaweza kuonyeshwa onyesho moja la Kwenye Ukingo wa Thim, au kisa cha mzee na ufunguo wake wa duka kilichokuzwa kikawa mchezo wa nusu saa, wenye ugomvi, uongo na vicheko. Baada ya maonyesho, kila mwigizaji asimame mbele na kutaja jina la mhusika wake kwanza, kisha, kwa sauti yake mwenyewe, jina lake. Na ambaye hataki jina lake lijulikane na wageni, ataje la mhusika peke yake, akae.